Akoth Bila H

Sehemu ya Sita

Wiki hii nimepokea barua kumi na moja kutoka kwenu. Tisa zinaniita mjinga. Mbili zinauliza kama Obonyo aliishia kuoa mwanamke mwingine. Nawajibu wote kwa pamoja: tulieni, ujinga wenyewe bado hamjauona.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mimi ni Phelister Akoth, Mluo wa Kendu Bay, Kenya. Mwaka 1976 nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kampala. Niliishi Kibuli na mume wangu Obonyo, fundi wa reli. Mwezi wa saba, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe na ndege zao kutua Nairobi, sisi Wakenya tukaanza kuwindwa. Obonyo alikuwa kikazi Kisumu. Akaniletea ujumbe wa maneno mawili: "Njoo sasa."

Sikwenda. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na nilikuwa nimeahidiwa kiti cha sekretari wa Mkurugenzi. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyomtaka mume wangu wiki hiyo. Haya, niiteni mjinga mara ya kumi.

Aliyeniokoa ni Karmela Akot, Mwacholi wa Gulu, mpiga taipu mwenzangu, meza kwa meza. Kwao mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Akot. Kwetu huitwa Akoth. Tuliitana "somo" tangu siku ya kwanza. Serikali ilipotaka majina ya wafanyakazi wageni, Karmela alichukua daftari la watumishi, akautaipu upya ukurasa wangu, akaiacha ile h. Nikawa P. Akot, kabila Acholi, mzaliwa wa Gulu. Nikatia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe. Pasipoti yangu ya Kenya akaichukua, akaniambia ameichoma kwenye jiko la makaa.

Hivyo nikapona kwa herufi moja. Wiki iliyopita niliishia pale niliporudi kazini, Februari 1977, mtoto wangu akiwa na wiki kumi. Nilimkuta Karmela amekaa kwenye kiti nilichoahidiwa, na kichwa chake amekinyoa chote.

"Somo! Karibu. Nimekutunzia kiti."

"Kwa kukikalia?"

"Kiti kitupu huchukuliwa na yeyote. Bora mimi."

Alicheka, nami nikacheka kwa meno tu. Hata mashine yangu alikuwa ameihamishia mezani kwake, ile namba tatu ambayo h yake hurukia juu ya mstari. Kila mtu aliikataa mashine ile. Mimi nilikuwa nimeizoea, na kumbe Karmela naye.

"Nywele zimekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Chawa."

Karmela hakuwa mtu wa chawa. Huyo ni mwanamke aliyeoga mara mbili kwa siku hata sabuni ilipokuwa hadithi ya zamani. Na kile kichwa kilichonyolewa nilikuwa nimekiona mahali fulani. Sikukumbuka ni wapi, na nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki kumi, kwa hiyo nikaacha.

Wivu uliniuma, sifichi. Lakini ungewezaje kumchukia Karmela? Mumewe Odoch alikuwa askari. Siku moja mwaka 1972 aliitwa kambini, hakuonekana tena. Binti yao naye akafa kwa surua. Obonyo alipokwama Kisumu, ni Karmela aliyehamia kwangu Kibuli, akanishika mkono nilipojifungua, akanipikia uji. Sukari aliitoa anakokujua yeye. Alirudi kwake wiki moja tu kabla sijarejea kazini.

Na mtoto alimpenda kuliko mimi. Hilo ndilo lililoniuma kushinda kiti.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, watu huita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina analonyamazia ndilo lake. Mwanangu alilia siku tatu. Niliita bibi zangu wote, nikaita na shangazi zake Obonyo ambao siwapendi. Hakuna. Ndipo Karmela akainama, akamwita kwa jina la mama yake mwenyewe, marehemu: "Adyero."

Mtoto akanyamaza palepale.

"Amechagua," akasema Karmela. Alikuwa anatoa machozi ya furaha. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikijiona mgeni kwenye chumba changu.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Nikimbeba mimi, kilio. Akimbeba Karmela, kimya. Nilimnyonyesha huku analia, akashiba huku analia. Niliwahi kumwambia mtoto wa wiki sita, kwa sauti, "Mimi ndiye mama yako, usinidharau." Mkitaka kucheka chekeni.

Sasa Karmela akaniambia kazini, "Mtoto usimwache Kibuli kwa majirani. Mlete hapa. Nimeshazungumza na Bwana Wahabi, atalala kwenye stoo ya karatasi, utakuwa unamnyonyesha kila baada ya saa mbili."

Bwana Wahabi ndiye alikuwa karani mkuu, Mganda wa Kibuli, mtu mwoga na mwenye huruma, aliyemwita kila mwanamke "nyabo", yaani bibi. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameanza ugonjwa wa kukaa nyumbani. Kila gari la jeshi likionekana mtaani, tumbo lake lilimsumbua wiki nzima.

Nikashukuru. Mtoto akalala kwenye kapu, katikati ya marundo ya karatasi, na alipolia ni Karmela aliyefika kwanza.

Siku hizo Karmela alipenda sana kunihoji.

"Somo, mama yako jina lake nani kamili?"

"Nasike. Ni Mluhya, baba alimtoa Bungoma."

"Na ukifika Kendu Bay, njia ya kwenu inapita wapi?"

"Unaipita gati, unaacha msikiti kushoto, unapanda."

"Baba yako alizikwa mwezi gani?"

Nilimjibu yote. Nilidhani ni mapenzi. Mtu akiuliza habari za kwenu ukiwa mbali na kwenu, unamwaga kila kitu kama mtungi uliopasuka. Alikuwa anarudia maneno yangu polepole, kwa Kijaluo changu, si kwa Kiacholi chake. Nikamsifu. "Unasema kama mtu wa kwetu kabisa," nikamwambia.

"Najifunza," akasema.

Jumanne, Oryem wa masijala alitoka kwenda kula mchana. Hakurudi. Koti lake lilibaki kwenye mgongo wa kiti. Jumatano likawepo, Alhamisi likawepo. Hakuna aliyeligusa wala kuuliza. Oryem alikuwa Mwacholi. Mjini kote habari zilikuwa hizo: zamani waliwinda Wakenya, sasa wanawinda Waacholi na Walango.

Ndugu msomaji umeshaona kitanzi? Mimi sikukiona. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya Karmela. Jumatano nilimwambia, "Somo, kimbia. Wewe ni Mwacholi."

Akanitazama sana. "Na wewe?"

"Mimi? Mimi ni Mkenya."

"Nani anajua?"

Nikafikiri anatania.

Alhamisi saa nne asubuhi, Bwana Wahabi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola.

"Nyabo Phelister, wewe mtu ya wapi? Sema kweli."

"Kwa nini, bwana?"

"Mimi nilitia sahihi bila kusoma. Pore, nyabo. Pore sana. Walisema tupeleke majina ya Acholi na Lango wote wa ofisi. Karmela alitaipu, alileta, nikatia sahihi. Jumatatu ilikwenda kwa wale watu wa usalama. Leo nasoma nakala yangu."

Akanisukumia nakala ya kaboni. Majina yalikuwa sita. La kwanza Oryem. La nne lilikuwa P. Akot, mpiga taipu, Acholi.

Nililisoma mara tatu. Kisha nikatafuta K. Akot. Hapakuwa na K. Akot.

Kila palipoandikwa Acholi, ile h ilikuwa imeruka juu ya mstari. Mara sita. Mashine namba tatu.

"Bwana Wahabi, mimi ni Mkenya. Unajua mimi ni Mkenya!"

"Mimi najua? Daftari inasema Gulu. Sahihi yako iko pale." Akashika kichwa. "Nyabo, toka. Pita nyuma. Mimi sikukuona."

Sikupita nyuma. Mwanangu alikuwa kwenye stoo.

Nikamkuta Karmela huko, amevaa gauni langu la kijani, lile la Jumapili. Adyero alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa leso yangu, amelala fofofo. Chini palikuwa na kikapu cha safari.

"Karmela, jina lako liko wapi?"

Hakuuliza jina gani. Alitoa pasipoti kwenye kikapu, akaifungua, akanionyesha. Pasipoti ya Kenya. Picha ilikuwa yangu, nikiwa na miaka ishirini, kichwa kimenyolewa kwa msiba wa baba. Sasa nikakumbuka nilikokiona kile kichwa.

"Ulisema umeichoma."

"Nilitaka kuichoma. Mkono ulikataa."

Ukurasa wa watoto ulikuwa umetaipiwa jina la Kijaluo: Adhiambo, wa kike, Desemba 1976. Ile h ilikuwa imeruka.

"Adhiambo ni nani?" nikamuuliza, ingawa mwanangu alikuwa anapumua mbele yangu.

"Somo, nisikilize, hakuna muda. Mwanamke akiwa peke yake mpakani Busia wanamshuku. Mwenye mtoto mchanga wanampisha. Nitamfikisha kwa Obonyo. Naapa kwa kaburi la binti yangu."

"Twende wote."

"Pasipoti moja ina mwanamke mmoja na mtoto mmoja."

"Basi nipe! Ni yangu! Mtoto ni wangu!"

"Ningekupa," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungeniomba mwezi uliopita ningekupa. Lakini uliniomba nini, Phelister? Kila siku uliniuliza habari za kiti. Mimi mume wangu alichukuliwa nikiwa napika, chungu kikiwa jikoni. Mimi nawajua. Wanajua ofisi hii ina mpiga taipu Akot; ilibidi mmoja awepo kwenye ile orodha. Wangehesabu."

"Ukaniandika mimi."

"Nilipiga lako, nikasimama. Nikapiga langu, nikaitoa karatasi, nikaichana. Mara nne nilichana. Ya tano nikaipeleka."

Wasomaji wangu, nilimpiga kofi. Ndilo kofi pekee nililowahi kumpiga mtu mzima. Mtoto hakuamka. Karmela hakujifuta hata uso.

Nje breki za gari zikalia. Mlango ukafungwa, wa pili ukafungwa.

Nilitoka kwenye stoo kabla yake. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda kukimbia, labda kupiga kelele. Miguu ilinifikisha kwenye meza yangu ya zamani, na hapo ikagoma.

Wawili waliingia. Wa mbele alivaa miwani myeusi ndani ya nyumba, na suruali pana iliyofagia sakafu. Wa nyuma alikaa mlangoni kwenye kiti cha Oryem, akaegemea koti la Oryem.

"Akot iko wapi?"

Ofisi nzima ilikuwa imejifunza kuinama, kila mtu akitazama viatu vyake mwenyewe. Bwana Wahabi hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, akageuka haraka, ikatosha.

"Wewe Akot?"

Kabla sijafungua mdomo, Karmela akatokea na kikapu chake, mtoto mgongoni.

"Afande, naomba njia. Mimi ni Mkenya, mtoto ana homa, nampeleka kwetu."

"Mukenya?" Akapokea pasipoti. Akatazama picha, akatazama kile kichwa. "Mukenya ilikuwa mwaka jana. Leo sina kazi na Mukenya."

Yule wa mlangoni akacheka sana.

"Mama yako jina yake nani?"

"Nasike. Mluhya wa Bungoma."

"Kwenu wapi?"

"Kendu Bay. Unaipita gati, unaacha msikiti kushoto, unapanda."

Maneno yangu yote, kwa mpangilio wangu. Watu wanane walikuwa mle ndani, wote wanamjua Karmela wa Gulu kwa miaka mitano. Hakuna aliyekohoa.

"Na mutoto?"

"Wangu. Yuko kwenye pasipoti."

Afande akafunua, akasoma kwa kidole. Akamrudishia. "Pita."

Karmela akapiga hatua mbili. Ya tatu ilimpitisha karibu nami, hatukutazamana. Na hapo Adyero akaamka, akalia.

Ilikuwa saa mbili kamili tangu nimnyonyeshe. Maziwa hayajui siri. Niliyasikia yakishuka kama sindano, nikakunja mikono kifuani, nimechelewa. Blauzi ya bluu ikapata madoa mawili, yakapanuka mbele ya macho ya afande.

"Simama," akamwambia Karmela. Akanisogelea. "Wewe Akot. Hiyo nini?"

Nikazidi kubana mikono kifuani.

"Mimi sina saa ya kuchunguza," akasema. "Kama iko uongo hapa, nabeba yote. Wewe, na ile, na mutoto. Buti ya gari iko kubwa. Sasa sema. Hii mutoto yako?"

Niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza maishani. Nikisema kweli, gari litatubeba watatu. Nikisema uongo, mwanangu atalala Kisumu mikononi mwa mwanamke aliyeniuza. Kama atafika Kisumu. Kama kile kiapo kilikuwa kiapo.

Nilimchukia Karmela kwa moyo wote. Na kwa moyo huohuo nikamkabidhi mtoto.

"Si wangu."

"Na maziwa?"

"Wangu alikufa, afande. Surua. Mwezi uliopita."

Karmela akafumba macho. Yeye alikuwa amechukua jina langu, mimi nikachukua kaburi la binti yake. Nilijua namna alivyolia siku ile ya maziko kwa sababu aliwahi kunisimulia, na nililia vilevile, na machozi yalikuwa ya kweli.

Afande akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida, ya baba wa watu.

"Mimi iko na watoto saba," akasema polepole. "Mutoto kama hii haioni mbali. Lakini pua yake kama ya mbwa. Mama yake inajua." Akamgeukia Karmela. "Fungua leso. Mupe huyu mutoto."

"Afande, ana homa..."

"Mupe. Kama ni mama ya watu wengine, itakataa, itapiga kelele. Kama ni mama yake, itanyamaza."

Karmela akafungua fundo. Akaniwekea Adyero mikononi kama anavyofanya kila siku, kisha akakumbuka, akaachia haraka.

Mtoto akalia kwa nguvu zaidi. Akapiga mateke, akakunja ngumi, uso ukawa mwekundu kama kawaida yake akiwa kwangu. Afande akainamisha sikio.

Wiki kumi nilikuwa nimemwomba Mungu jambo moja, kwamba huyu mtoto anitambue. Nilimwomba nikiwa napika, nikiwa naoga, nikiwa nimepiga magoti. Sasa nilisimama katikati ya ofisi nikimwomba kinyume chake. Sikumtikisa. Sikumwimbia. Nilimshika kama unavyoshika mtoto wa jirani unayetaka aondoke.

Lia, mama, nikasema moyoni. Nikatae. Wewe ndiye fundi wa kunikataa.

Akalia. Afande akaanza kuvaa miwani yake. Karmela akapiga hatua moja, mikono ameinyoosha kumpokea.

Adyero akageuza kichwa kumtafuta. Pua yake ikagusa blauzi yangu iliyolowa.

Akanyamaza.